Namba Moja Kwenye Daftari



Mpendwa msomaji, sisi tunaosoma falsafa hutaniwa sana tukirudi nyumbani. Shangazi anauliza mwaka huu tumesoma nini. Tukimjibu kwamba tumesoma nadharia za siasa na jamii, anacheka na kuuliza kama siku hizi seminari inaandaa wabunge. Swali lake ni la utani, lakini ndani yake kuna jambo: dhana hizi tunazozikariri, haki, usawa, utambuzi, ushiriki, zina kazi gani parokiani, mahali ambapo watu wanataka kujua mvua itanyesha lini na ada ya mtoto itatoka wapi?

Tungependa kumjibu shangazi kwa kisa kimoja. Kisa chenyewe hakitupi sifa. Tulisoma dhana hizo, tukaandika insha, tukafanya mtihani, tukafaulu. Kisha tukapelekwa likizo ya kichungaji kwenye kigango kimoja cha mikoa ya kati, na huko tukafeli.

Daftari

Tulikuwa mafrateri watatu. Mwaka ule mvua zilikatika mapema, mahindi yakakaukia shambani kabla ya kubeba, na hata mtama, ambao huvumilia ukame, ulitoa kidogo. Kufikia mwezi wa saba familia nyingi zilikuwa zimeanza kula mara moja kwa siku. Waamini wa parokia za mjini walichanga, na Baba Paroko akapokea magunia 30 ya mahindi kwa ajili ya kigango kile. Kwa kuwa alikuwa na vigango vingine vingi vya kuzungukia, alituita akasema: "Mafrateri, kazi hii ni yenu. Gaweni kwa haki."

Kila gunia lilitoa madebe sita, kwa hiyo tulikuwa na madebe 180. Kigango kilikuwa na kaya 143. Tulikaa usiku kucha na taa ya sola tukipanga utaratibu. Kila kaya ingepewa alama kufuatana na hali yake: nyumba ya tembe au ya bati, idadi ya watoto, mgonjwa wa muda mrefu, mjane au yatima, mifugo iliyopo. Mwenye alama nyingi ndiye mhitaji zaidi. Kaya 60 za juu zingepata madebe mawili, 60 zinazofuata debe moja moja, na 23 za mwisho, zilizoonekana kujiweza, zingesubiri awamu nyingine.

Muda ulikuwa mfupi, siku mbili tu. Hatukuweza kufika kila nyumba, basi tukakaa na wenyeviti wa jumuiya na majirani wachache, tukawauliza habari za kila kaya, tukaandika. Daftari lilipojaa tulilitazama kwa furaha. Hapakuwa na upendeleo, wala ndugu wa mwenyekiti hakupewa nafasi ya mbele.

Jumapili, baada ya Ibada iliyoongozwa na katekista, mmoja wetu alisimama mbele na kusoma majina. Msomaji atatusamehe tusipomtaja. Ili kazi iende haraka, tulisema kila anayesomwa asimame na kwenda kupanga foleni upande wa kulia, penye magunia.

Namba moja alikuwa bibi mmoja mjane. Tutamwita Bibi tu, kama kijiji kizima kinavyomwita. Nyumba yake ni ya tembe, hana mfugo, analea wajukuu watatu walioachwa na marehemu binti yake. Kwa alama zetu hakuna aliyemkaribia. Tulichokuwa hatujakiandika, kwa sababu daftari halikuwa na safu yake, ni kwamba Bibi alikuwa mkunga. Nusu ya watu waliokaa kwenye mabenchi yale walizaliwa mikononi mwake. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa jumuiya ya kwanza ya kigango kile, wakati ibada zikifanyika chini ya mti.

Jina lake liliposomwa, kanisa lilinyamaza. Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, si chini sana: "Kumbe Bibi ndiye bingwa." Wachache wakacheka. Bibi akasimama, akajitanda khanga yake vizuri, akatembea taratibu. Hakuelekea upande wa kulia. Alitoka nje kwa mlango mkubwa.

Sisi tuliendelea kusoma namba mbili.

Pazia la kutojua

Kabla ya kusimulia yaliyofuata, tueleze tulikopata ujasiri wetu. Darasani tulikuwa tumemsoma John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2002. Kitabu chake kikuu kuhusu nadharia ya haki kilitoka mwaka 1971, na tangu hapo ni vigumu kuzungumzia haki katika vyuo vikuu bila kumtaja. Wanaseminari watapenda kujua kwamba akiwa kijana chuoni Princeton aliandika tasnifu kuhusu dhambi na imani, na alifikiria kwenda seminari ili awe kasisi wa Kanisa la Kiepiskopali. Kisha ikaja vita ya pili ya dunia, akapigana Pasifiki, na aliporudi imani ile haikuwa tena kama alivyoondoka nayo. Lakini swali la haki halikumwacha.

Rawls anatuomba tufanye zoezi la mawazo. Tujifikirie tumekaa pamoja kupanga kanuni za jamii yetu, ila tumewekewa pazia: hakuna anayejua akitoka pale atakuwa nani, tajiri au maskini, mwenye afya au mgonjwa, mwana wa chifu au yatima. Tungechagua kanuni zipi? Rawls anasema kwanza tungelinda uhuru ulio sawa kwa wote. Kisha tungekubali tofauti za mali na vyeo kwa masharti: nafasi ziwe wazi kwa wote, na tofauti zenyewe ziwafaidie walio chini kabisa. Mtu asiyejua kama yeye ndiye atakayekuwa wa mwisho atahakikisha wa mwisho hasahauliki.

Ni wazo zuri, na Mkristo halioni kuwa geni. Daftari letu lilitaka kulitii: wa chini kabisa ndiye wa kwanza. Basi tulikosea wapi?

Tuliporudi seminari tulikifungua tena kitabu kile, na huko tukakuta ukurasa ambao tuliuruka wakati wa kujiandaa na mtihani. Rawls anaorodhesha mambo ambayo kila binadamu anayahitaji ili aishi maisha yake, kama uhuru, nafasi na kipato. Kisha anaongeza lingine ambalo, kwa maoni yake, huenda ndilo kubwa kuliko yote: mtu kujiheshimu, kuona kwamba maisha yake yana thamani na kwamba wengine wanaiona thamani hiyo. Kwa hiyo Rawls mwenyewe asingelisaini daftari letu. Tulimpa Bibi madebe mawili kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tukamnyang'anya kitu ambacho mwanafalsafa wetu alikiweka juu ya mahindi.

Uji wa mtama

Bibi hakuja kuchukua mahindi yake siku ile, wala kesho yake. Madebe yake mawili yalikaa sakristia ndani ya mfuko wenye jina lake. Tuliambiana kwamba labda anaumwa. Alhamisi Baba Paroko alipita, tukamweleza, naye akatuuliza swali moja tu: "Mmemwendea?"

Hatukuwa tumemwendea. Ukweli ni kwamba tuliogopa.

Tulikwenda jioni ile ile. Bibi alikuwa uani anapepeta mtama kidogo kwenye ungo. Tukamwamkia: "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu," akatuita ndani ya kivuli, akaleta vigoda, kisha akaingia jikoni. Alirudi na uji wa mtama katika vikombe viwili, maana tulikuwa watatu na yeye alikuwa na vikombe viwili. Hatukujua kama ule ndio ulikuwa mtama wake wa mwisho. Tuliunywa, kwa sababu kuukataa kungekuwa kosa la pili.

Tulianza kuomba msamaha kwa maneno marefu. Alituachia tumalize, kisha akasema:

"Wajukuu zangu, njaa si aibu. Njaa tunaijua tangu tukiwa wadogo, inakuja inaondoka. Aibu ni kusimamishwa."

Tukanyamaza. Akaendelea: "Mlimuuliza jirani yangu nina mbuzi wangapi. Mimi nilikuwa hapa hapa, mlango uko wazi. Siku mbili mlizunguka na daftari, mkapita njia ile pale, mimi nawaona. Hamkuingia kunipa hata salamu. Jumapili ndiyo nasikia habari zangu mwenyewe, mbele ya watoto niliowapokea mimi."

Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na hilo lilituumiza zaidi. Kisha akauliza jambo ambalo hatukulitegemea: "Wale wa ng'ambo ya korongo, kwenye daftari lenu mmewaweka namba ngapi?"

Ilikuwa familia ya wafugaji waliohamia mwaka uliotangulia. Tulilikumbuka jina kwa shida. Tukafungua daftari: namba 131. Jirani alikuwa ametuambia "hao wana ng'ombe," tukawapa alama chache, wakaangukia kwenye kaya 23 za mwisho.

Bibi akatikisa kichwa. "Ng'ombe wamekufa wote, frateri. Waliobaki waliuzwa mnadani kwa bei ya kuku. Na mama yule amejifungua wiki iliyopita, nilikuwapo mimi. Maziwa hayatoki kwa sababu hali chakula. Mngeniuliza, ningewaambia." Akatuagiza: debe moja kati ya mawili yake lipelekwe kule kesho asubuhi.

Tulilibeba alfajiri. Tulipovuka korongo tulikuta boma tupu na majivu yamepoa. Mtu aliyekuwa akikata kuni karibu alisema wameondoka juzi kuelekea kusini, kwa miguu, na mtoto mgongoni. Hatujui walifika wapi. Hatujui kama yule mtoto yuko hai. Tulirudi na debe letu, na njia nzima hakuna aliyesema neno.

Kutambuliwa

Tangu siku ile hatukuweza tena kusoma mada ya utambuzi kama mada ya mtihani.

Mwaka 1992 Charles Taylor, mwanafalsafa Mkatoliki wa Kanada, alichapisha insha mashuhuri kuhusu siasa ya utambuzi. Hoja yake ni kwamba mtu hujijua kwa kuzungumza na wengine na kwa jinsi wanavyomwona. Wakimrudishia picha ya kumdharau au kumpunguza, wanamdhuru kweli kweli, maana anaweza kuanza kujiona hivyo hivyo. Mwaka huo huo Axel Honneth wa Ujerumani alitoa kitabu kuhusu mapambano ya kutambuliwa. Yeye anataja njia tatu ambazo binadamu anazihitaji ili asimame wima: kupendwa na walio karibu, kuheshimiwa kama mwenye haki sawa na wengine, na kuthaminiwa kwa mchango wake katika jamii. Anayenyimwa mojawapo anajeruhiwa, na Honneth anaona kwamba mapambano mengi ya kijamii huanzia kwenye majeraha ya namna hii kuliko kwenye tumbo peke yake.

Tukimtazama Bibi kwa macho ya Honneth, tunaona wazi. Hatukumnyima haki yake, maana jina lake lilikuwa la kwanza. Tulimnyima thamani ya mchango wake. Kijiji kilimjua kama mkunga na mwanzilishi wa jumuiya. Sisi, kwa sauti na mbele ya altare, tulimtangaza upya kama fukara namba moja.

Amartya Sen, mchumi wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, anatusaidia kuona kwamba hili si suala la hisia tu. Sen aliishuhudia njaa kubwa ya Bengal ya mwaka 1943 akiwa mtoto, na baadaye akaonyesha kwamba watu wanaweza kufa kwa njaa hata pale chakula kipo, kwa sababu hawana njia ya kukipata. Anapenda kurejea mfano wa Adam Smith, aliyeandika mwaka 1776 kwamba katika sehemu kubwa ya Ulaya ya wakati wake hata kibarua angeona haya kutoka mbele za watu bila shati la kitani. Shati lile halikuwa anasa. Bila shati, mtu hakuweza kujitokeza. Kwa Sen, kuweza kujitokeza mbele za watu bila aibu ni sehemu ya maisha ambayo umaskini humnyang'anya mtu. Wahudumu wa parokia wanajua jambo hili bila kumsoma Sen: wapo wanaoacha kuja kanisani kwa sababu hawana nguo wala sadaka. Sisi tulimfanya mtu aone aibu kuja kanisani kwa njia ya msaada wenyewe.

Nani anaamua?

Hata hivyo, kumheshimu Bibi kusingetosha. Tungeweza kumsalimia vizuri, kumpa mahindi yake kwa siri usiku, na bado ile familia ya ng'ambo ya korongo ingebaki namba 131. Hapa ndipo Nancy Fraser, mwanafalsafa wa Marekani, alipotufungua macho. Mwaka 2003 yeye na Honneth walichapisha pamoja kitabu cha kujibizana: je, haki ni kugawa au ni kutambua? Fraser hakubali kuchagua moja. Anasema jamii yenye haki ni ile ambamo watu wote wanaweza kushiriki kama walio sawa. Njaa inazuia ushiriki huo, dharau nayo inauzuia. Baadaye akaongeza kizuizi cha tatu: mtu kukosa sauti mahali mambo yake yanapoamuliwa.

Kwa Kiswahili cha kawaida tungesema haki ina maswali matatu. Nani apate nini? Nani anahesabiwa kuwa nani? Na nani anaamua? Sisi tulijitahidi kwa swali la kwanza, tukalisahau la pili, na la tatu hatukujua hata kama lipo. Tulidhani kwamba kwa kuwa hatuna ndugu pale kijijini, sisi ndio wa kuamua. Ugeni wetu, tuliouita kutopendelea, ulikuwa pia kutojua. Lile pazia la Rawls linaficha nani atakuwa nani. Halikusudiwi kuficha kwamba ng'ombe wa watu wamekufa.

Kanisa limelisema hili kwa lugha yake kwa muda mrefu. Mwaka 1931, katika Waraka wa Kitume wa Quadragesimo Anno, Papa Pio XI alifundisha kanuni auni: jambo ambalo watu au jumuiya ndogo wanaweza kulifanya wenyewe, wakubwa wasiwanyang'anye, bali wawasaidie walitimize. Mwaka 1976 Maaskofu wa AMECEA, walipokutana Nairobi, waliweka mkazo kwenye ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ili Kanisa liwe pale watu wanapoishi na kujuana. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere aliandika mwaka 1968 kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, wanajiendeleza wenyewe kwa kushiriki katika maamuzi yao. Naye Papa Benedikto XVI, katika Deus Caritas Est namba 34, anaonya kwamba zawadi inaweza kumdhalilisha anayepewa kama mtoaji hajajitoa yeye mwenyewe pamoja nayo. Sisi tulituma daftari, wenyewe hatukwenda.

Awamu ya pili

Mwezi uliofuata yalifika magunia 12, sawa na madebe 72. Safari hii hatukushika kalamu. Jumuiya sita zilichagua watu wawili wawili, Bibi akiwa mmojawapo, wakakaa chini ya mti tangu saa nane hadi jua lilipozama. Sisi tulikaa pembeni tukiulizwa hesabu tu.

Waliamua jambo ambalo tusingeliamua. Kila kaya ipate nusu debe, bila alama, bila kusoma majina, na mahindi yagawiwe jioni katika nyumba za jumuiya. Kaya zilikuwa zimebaki 142, hivyo yakatumika madebe 71, na lililobaki likawekwa kwa katekista kwa ajili ya mgeni au mgonjwa wa ghafla. Aliyepima ni Bibi. Kila nusu debe aliifuta juu kwa kipande cha ubao, akaongeza konzi moja. Mwishoni akapima ya kwake, hiyo akaifuta na hakuongeza kitu.

Walieleza sababu: anayejiweza atajua mwenyewe la kufanya na nusu yake. Na kweli, wapo waliopokea mbele ya wenzao kisha wakaipeleka kwa jirani giza lilipoingia. Si wote. Tulisikia pia kuwa mwanajumuiya mmoja aliuza ya kwake mnadani.

Je, awamu ipi ilikuwa ya haki zaidi? Tumebishana juu ya hili bwenini mwaka mzima. Mwenzetu mmoja anasema wazi kwamba katika awamu ya kwanza mjane mwenye wajukuu watatu alitengewa madebe mawili, na katika ya pili alipata nusu, sawa na mwenye nyumba ya bati. Njaa haishibi kwa heshima. Hoja yake ni nzito, na hatutaki kuificha ili kisa chetu kiishe vizuri. Tunaamini kwamba walio chini wanastahili kupewa zaidi, hapo bado tuko na Rawls. Lakini tunaamini pia kwamba njia ya kufika huko inapita kwenye kikao cha wenyewe, kabla ya kalamu kushikwa. Kama tungeanza na kikao kile katika awamu ya kwanza, Bibi angesema habari za ng'ambo ya korongo siku tano mapema. Siku tano zingetosha kuwakuta.

Wajane wa Yerusalemu

Tulipokuwa tukisali masifu siku moja, tulikumbuka sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Kanisa lilikuwa changa, na tayari palikuwa na mgogoro wa chakula. Wajane wa Wakristo waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku, na watu wao wakanung'unika.

Tazama walichofanya Mitume. Hawakukasirikia manung'uniko. Hawakutengeneza orodha mpya wao wenyewe, ingawa ndio waliokuwa na mamlaka. Waliita jumuiya nzima, wakaiambia ichague watu saba wenye sifa njema. Jumuiya ikachagua, na majina yote saba ni ya Kigiriki: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Wataalamu wengi wa Maandiko wanaona kwamba walitoka upande ule ule uliokuwa umesahauliwa. Hapo maswali yote matatu yanajibiwa kwa pamoja: wajane wanapata chakula, kundi lao linaheshimiwa, na wao wenyewe wanashika kipimo. Mitume nao wakaweka mikono juu yao na kusali. Kwa hiyo kugawa chakula kwa haki si kazi ya kando katika Kanisa.

Shangazi yetu akituuliza tena, tutamwambia hivi: nadharia hizi hazikutufundisha kugawa mahindi. Zilitusaidia kutaja kwa jina kosa tulilolifanya, ili tusilirudie tukiwa mapadre wenye mamlaka makubwa kuliko ya frateri. Na kwako, msomaji uliye kwenye kamati ya Caritas ya parokia, halmashauri ya walei au uongozi wa jumuiya, tunaomba jambo dogo. Kabla ya kuandika jina la mtu kwenye orodha ya wahitaji, ingia kwake, umsalimie, ukae. Muulize habari zake, kisha muulize nani mwingine ana shida. Ukiwa na orodha, usiisome kanisani.

Tulipoaga mwisho wa likizo, Bibi alitupa karanga kidogo, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, kwa ajili ya safari. Tulitaka kumwambia abaki nazo kwa wajukuu. Tukakumbuka, tukapokea kwa mikono miwili, tukala ndani ya basi.

Tunaomba sala zenu kwa ajili ya wito wetu, na kwa ajili ya mama mmoja na mtoto wake waliokwenda kusini. Majina yao Mungu anayajua.